Vegani ni nani? Neno, chama kilicholizaa, na sufuria ya Uganda

Mwambie mpishi wa kibandani Kampala kwamba wewe hula mboga tu, na huenda akakuletea samaki. Hajakosea. Katika Kiswahili cha watu wengi, mboga ni chochote cha kuteremshia ugali: mchicha, maharage, dagaa, hata nyama. Luganda nayo iko hivyohivyo: enva ni kitoweo cha aina yoyote, na anayetaka majani husema enva endiirwa. Ndiyo maana neno vegani, ingawa ni la kutoholewa, lina kazi hapa. Vegani ni mtu asiyekula wala kutumia kitu kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, samli, asali, na nje ya jikoni ngozi, sufu na hariri. Nsenene (panzi wa kuliwa) nao hawaliwi, maana mdudu ni mnyama.

Neno lenyewe lilizaliwa kwa sababu neno la zamani, vegetarian (asiyekula nyama), lilikuwa linavuja. Uingereza ilikuwa na Vegetarian Society tangu 1847, lakini wengi wa wanachama wake waliacha nyama wakabaki na maziwa, jibini na mayai. Wakati wa vita vya pili vya dunia, hata mgawo wa chakula uliwafikiria hao: asiyekula nyama alipewa jibini zaidi. Asiyekula jibini je? Mwaka 1944 wachache waliomba nafasi ya kudumu katika jarida la chama kwa ajili ya wasiotumia maziwa, wakanyimwa. Novemba mwaka huohuo Donald Watson, mwalimu wa useremala, alikutana London na wenzake watano, wakaanzisha Vegan Society. Jina walilipata kwa kuchukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno vegetarian. Yalikuwapo mapendekezo mengine, kama dairyban na benevore. Bahati nzuri yalitupwa.

Jina lilitangulia, maana kamili ikachelewa. Mwaka 1949 mwanachama Leslie Cross alilalamika kwamba chama hakina tafsiri ya msimamo wake, na kufikia 1951 kanuni zikasema lengo ni kumkomboa mnyama asitumikishwe na binadamu. Hapo ndipo uvegani ulipoacha kuwa orodha ya vyakula tu. Baadaye likaongezwa sharti ambalo wabishi husahau: kadiri inavyowezekana. Mgonjwa anayemeza dawa yenye ganda la jelatini, itokayo kwa mifupa na ngozi za wanyama, hajavunja mwiko ikiwa hakuna nyingine. Mwaka 1979 chama kikawa kampuni isiyo na hisa, na 1990 kikaanzisha alama ya biashara yenye ua la alizeti. Alama hiyo humaanisha bidhaa haina kiungo cha mnyama wala haikujaribiwa kwa wanyama. Haimaanishi kwamba mashine iliyoitengeneza haikuwahi kugusa maziwa, hivyo mwenye mzio asome orodha ya viungo mpaka mwisho.

Uganda, anayetaka kuunda chama cha namna hiyo huanza kwa kusajili kampuni isiyo na hisa kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kisha huomba kibali cha shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2016. Wengi hukwama hapo kwa kudhani kibali kinatosha. Bado wilaya utakayofanyia kazi lazima iridhie na mtiliane saini makubaliano.

Jikoni, Uganda inampa vegani mengi bila kujisumbua: matooke (ndizi za kupika), kalo (ugali wa ulezi), viazi, majani ya dodo na nakati, malakwang (majani machachu) yenye odi (siagi ya simsim au karanga), kikomando ya chapati na maharage. Rolex, chapati ya kuviringishwa, ina mayai, lakini mchomaji akiombwa ataviringisha nyanya, kabichi na ovakado. Mitego iko kwenye vile vinavyoonekana salama. Mchuzi wa binyebwa (karanga) mara nyingi hutiwa samaki wa kukaushwa au unga wa mukene (dagaa). Katogo, matooke ya kupikwa pamoja na kitoweo, huweza kuwa na matumbo. Eshabwe ya Ankole ni samli yenyewe. Chai ya kawaida mkahawani huchemshwa na maziwa, kwa hiyo agiza kavu. Usiulize "hii ni mboga?" Uliza kwa majina: kuna mukene? kuna samli? umetia kiungo cha unga chenye ladha ya nyama?

Maziwa ndiyo yaliyowasumbua hata wale wa London. Cross alianzisha chama cha kutafuta maziwa ya mimea mwaka 1956, na bidhaa ikaingia sokoni 1965. Nyumbani si kazi kubwa. Loweka kikombe kimoja cha soya kavu saa 8 hadi 12, mwaga maji, sugua maganda yatoke. Saga na vikombe 6 vya maji ya moto sana. Maji ya moto hupunguza ile harufu ya maharage mabichi. Chuja kwa kitambaa, kisha chemsha dakika 15 hadi 20 ukikoroga, kwa sababu hushika chini upesi. Povu litapanda kabla hayajachemka sawasawa, na hapo wengi hudanganyika wakaepua. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Bila friji, yanywe siku hiyohiyo. Kalsiamu yake ni kidogo kuliko ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo majani na simsim visikosekane. Karanga nazo zichambuliwe: zenye ukungu zina sumu ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi.

Kitu kimoja hakimo kwenye sufuria yoyote kati ya hizo: vitamini B12. Ilitengwa maabara 1948, miaka minne baada ya chama kuanza, na baadhi ya vegani wa mwanzo waliugua bila kujua sababu. Upungufu hujificha kwa miaka kwenye akiba ya ini, ndipo ganzi ya miguu na upungufu wa damu hujitokeza. Spirulina (unga wa mwani) haisaidii, wala mboga isiyooshwa. Kidonge cha maikrogramu 10 kila siku, au cha 2000 mara moja kwa wiki, kinamtosha mtu mzima. Mjamzito na anayenyonyesha wapange na mhudumu wa afya mapema.