Trekta la mtumba: mita ya saa haisemi yote

Wanunuzi wengi huamini kwamba trekta lenye saa chache kwenye mita halijachoka. Mita ya saa ni kweli hupima kazi ya injini. Lakini katika matrekta mengi ya zamani, mita hiyo huendeshwa na kebo. Kebo ikikatika, saa husimama huku trekta likiendelea kulima. Mita nzima pia hubadilishwa kwa urahisi.

Chuma hakirudishwi nyuma namna hiyo. Tazama pedali ya klachi: ikiwa imelika hadi kung'aa na mita inasoma saa 900, uliza maswali. Shika mikono ya nyuma ya kufungia plau, uitikise. Matundu ya pini yaliyopanuka kuwa mviringo wa yai ni dalili ya kazi nyingi. Kagua pia meno ya shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu injini yenye joto huficha uvivu wa kuwaka. Likiwaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi unaosukumwa kwa nguvu kwa kawaida maana yake ringi za pistoni zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Kisha nyanyua plau, zima injini, subiri kidogo. Likishuka haraka, haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, inavuja.

Rangi mpya mimi siipi uzito wowote. Plau lenyewe lipime kwa beringi za diski na fremu isiyopinda.