Baumgartner hakuhukumiwa kwa rushwa, jamani

Wiki hii nimesahihisha insha ya saba yenye sentensi ileile: Josef Baumgartner, mwanasiasa wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, alifungwa kwa kula rushwa ya kasino, chama chake kikafa papo hapo. Sentensi moja, makosa mawili, na kila muhula yanarudi kama mafua.

Mwanzo wake naupita mbio. Kazaliwa 1904 Sulzemoos, si mbali na Munich. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa waasisi wa CSU, chama cha kihafidhina cha Bavaria, na waziri wa kilimo wa jimbo hilo, kazi isiyo na ahsante pale watu wa mjini wanapolala njaa. Januari 1948 akaihama CSU, akaingia Bayernpartei (“Chama cha Bavaria”), na kabla mwaka haujaisha akawa mwenyekiti. Chama hicho kilidai Bavaria ijiamulie mambo yake; baadhi ya wanachama walitaka hata ijitenge.

Tuje 1954. CSU ilipata viti 83 kati ya 204 vya bunge la jimbo, ikakaa inasubiri kuitwa ikulu. Haikuitwa. SPD (wasoshalisti), Bayernpartei, FDP (waliberali) na GB/BHE, chama cha wakimbizi Wajerumani waliotoka mashariki, waliungana kuiacha nje. Wilhelm Hoegner wa SPD akawa waziri kiongozi, Baumgartner naibu wake na waziri wa kilimo. Yaani watu waliopanda jukwaani kupigia kelele “Bavaria ya Wabavaria” wameketi meza moja na wakimbizi! Mnaodhani jimbo lile limekuwa shamba la CSU tangu enzi za Nuhu, isomeni tena aya hii.

Serikali hiyo ikatoa vibali vya kasino mwaka 1955. Minong'ono ikazagaa, bunge likaunda kamati ya uchunguzi, Baumgartner akaapishwa, akakana ukaribu na watu wa kasino. Hapo ndipo alipojifunga kamba. Agosti 1959 mahakama ya Munich ilimpa miaka miwili ya kifungo chenye kazi ngumu kwa kosa la kiapo cha uongo. August Geislhöringer, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akapata miezi 15, naye kwa kiapo.

“Mwalimu, si yaleyale?” Hapana, si yaleyale! Kwenye rushwa, mwendesha mashtaka lazima aonyeshe mkono uliotoa, mkono uliopokea, na kilichonunuliwa. Kwenye kiapo cha uongo anahitaji tu maneno yako na ushahidi kwamba ulijua si kweli. Angesema, “Ndiyo, nawajua, tumeonana,” labda angepoteza uwaziri na kuchekwa magazetini, basi. Najua mtanirudi: anayeficha ana cha kuficha. Pengine, na mimi sikeshi nikimwombea utakatifu. Lakini hukumu inasema inachosema.

Na kama mnataka kujua kiapo kinavyomwacha huyu kikamkamata yule, mtazameni Friedrich Zimmermann, katibu mkuu wa CSU. Naye alitiwa hatiani katika sakata hilohilo, mwaka 1960, kwa kuapa isivyo kweli kwa uzembe. Mwaka uliofuata akaachiwa: daktari alieleza kwamba sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka alipotoa ushahidi. Mwaka 1982 akawa waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani Magharibi. Baumgartner alifariki Januari 1964.

Kosa la pili, kifo cha chama. Mwaka 1949, katika uchaguzi wa shirikisho, Bayernpartei ilipata asilimia 20.9 ya kura za Bavaria. Bunge la jimbo 1950: 17.9. Mwaka 1954: 13.2. Mwaka 1958, miezi kadhaa kabla ya hukumu: 8.1. Mgonjwa alikuwa anakonda zamani. Nakiri kwamba kuweka uchaguzi wa shirikisho na wa jimbo katika mstari mmoja ni ujanja kidogo, na tetesi za kasino zilikuwepo tayari 1958, kwa hiyo hoja yangu inavuja upande huo. Kinachonielemea zaidi ni mwaka 1957: baada ya ushindi mkubwa wa Adenauer, chansela wa Ujerumani Magharibi, Bayernpartei na chama cha wakimbizi wakamkimbia Hoegner wakidhani CSU itawapokea. CSU ikamweka Hanns Seidel kuwa waziri kiongozi, ikatawala na FDP na chama cha wakimbizi. Bayernpartei ikabaki nje, bila wizara wala rafiki.

Mwaka 1962 iliambulia asilimia 4.8. Mwaka 1966 ilipata 3.4 na kutoka bungeni, na mpaka leo haijarudi.