Udhahania wa kijiometri: jinsi ya kuutazama mraba wa Malevich

Udhahania wa kijiometri ni uchoraji unaojengwa kwa mistari, miraba, duara na pembetatu, bila kuonyesha kitu chochote tunachokitambua: si mtu, si nyumba, si mandhari. Ulishika kasi Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Mholanzi Piet Mondrian aliufikia polepole. Alianza na miti halisi, akaendelea kuipunguza hadi ikabaki mistari ya wima na ya mlalo. Kazimir Malevich, mzaliwa wa Kyiv, alikwenda kwa kishindo.

Desemba 1915, kwenye maonyesho yaliyoitwa “0,10” mjini Petrograd (leo St. Petersburg, Urusi), aliutundika mchoro wake, Mraba Mweusi, juu, penye kona ya chumba. Katika nyumba za Waorthodoksi wa Urusi, kona hiyo ndiyo mahali pa picha takatifu. Mhakiki Alexandre Benois aliuelewa ujumbe huo vizuri, na akachukizwa nao. Malevich aliuita mtindo wake Suprematizimu: ukuu wa hisia tupu, isiyotegemea sura ya vitu.

Wengi husema hata mtoto angeweza kuuchora mraba huo. Nadhani husema hivyo kwa sababu wameuona kwenye simu tu, na huko hugeuka kuwa alama. Turubai yenyewe ina karibu sentimita 80 kila upande. Ukikaribia, unagundua kwamba mraba si mraba kamili. Kingo zake zimechorwa kwa mkono, na weusi umepasukapasuka hata rangi za chini zinachungulia. Mwaka 2015 watafiti wa jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, walitangaza kwamba chini yake kuna michoro mingine miwili.

Kwa hiyo usiulize “hiki ni nini?” Uliza umbo linaelemea wapi, linasogea au limetulia, na nafasi iliyolizunguka inalibana au inaliachia.

Maswali hayo yanazaa matunda zaidi mbele ya kazi ya Malevich ya 1918 iliyoko New York katika MoMA, jumba la sanaa ya kisasa: mraba mweupe juu ya weupe. Kwangu mimi ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Mraba una weupe wa ubaridi kidogo, usuli una weupe wenye joto, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuwatenganisha wawili hao. Isitoshe, mraba umeinamishwa na kusogezwa pembeni, ndiyo maana unaonekana kuelea.