Je, wajua kwa nini shujaa uliyembuni mwenyewe huishia kufanana na Spider-Man?

Kwenye meza ya michezo ya kuigiza mashujaa huwa pana karatasi, penseli, dadu na mwendesha mchezo anayesimulia kisa. Kila mchezaji ana shujaa aliyembuni mwenyewe. Lakini sikiliza kidogo: huyu ni Spider-Man aliyebadilishiwa jina, yule ni Wolverine, shujaa wa makucha, aliyenyolewa.

Wengi husema wachezaji wanaiga tu. Wapo wanaoiga, tena waziwazi. Ila mavazi na makucha ni sehemu ndogo ya ufanano huu. Sehemu kubwa ni matatizo: jina la siri, adui asiyechoka kukuwinda, shangazi, kama yule wa Spider-Man, anayetekwa kila mara. Nani huota kuruka angani, kisha akaota pia kuwa na shangazi wa kuokolewa? Shangazi huyo huletwa na kanuni za mchezo.

Chukua Champions, mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 1981. Haukuwa wa kwanza wa aina yake, lakini ndio ulioeneza mtindo wa kununua nguvu kwa pointi. Katika toleo lake la nne, la mwaka 1989, shujaa wa kawaida alipewa pointi 100, na juu yake angeweza kupata nyingine hadi 150 kwa kujitwisha udhaifu, shangazi akiwemo. Yaani zaidi ya nusu ya uwezo wake ingeweza kutokana na shida zake.

Ni kama daftari la madeni dukani kwa Mangi. Leo unachukua sukari na unga, jina linaandikwa. Pointi za shangazi zimeshakununulia ngumi ya kuvunja ukuta, deni lipo. Kila kisa kipya kinapoanza, mwendesha mchezo anarusha dadu tatu. Ukiwa umeandikisha shangazi wa kutokea mara kwa mara, jumla ikiwa 11 au pungufu, Mangi kaja kudai: shangazi yumo kwenye kisa, na huenda yumo mikononi mwa majambazi. Wala huwezi kukopa kwa hila, maana udhaifu usiokusumbua haulipwi pointi hata moja.

Mchezo rasmi wa Marvel, kampuni yenye Spider-Man na Wolverine, uliotoka mwaka 1984, ulibana tabia yenyewe: shujaa akiua, alipoteza Karma yake yote, akiba ile ile inayomwokoa dadu zinapomkataa. Villains and Vigilantes wa 1979 ulikwenda njia nyingine ya ajabu: mchezaji aliigiza nafsi yake mwenyewe, na nguvu zilitoka kwa bahati ya dadu.

Hata hivyo, hoja ya kuiga ilifika mahakamani. Novemba 2004 Marvel iliwashtaki watengenezaji wa City of Heroes, mchezo wa kompyuta, ikidai kwamba kifaa chake cha kubuni wahusika kinawawezesha watu kutengeneza mfano wa mashujaa wake Hulk na Wolverine. Mwaka 2005 ikabainika kuwa baadhi ya wahusika waliowasilishwa kama ushahidi walikuwa wametengenezwa na upande wa Marvel wenyewe, na jaji akauondoa ushahidi huo. Desemba mwaka huo pande zote zilipatana kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Kifaa cha kubuni wahusika kiliachwa kama kilivyokuwa.