Miguu inapogoma mlangoni

Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, anatembea ukumbini vizuri tu, anafika mlangoni, mara nyayo zinanasa sakafuni kama zimepakwa gundi. Kiwiliwili kinaendelea mbele, miguu imebaki nyuma. Wengi huangukia hapo. Ndugu humvuta mkono wakisema "twende, twende". Tafadhali msimvute.

Miguu yenyewe haina kosa. Mchoree mistari sakafuni, na yuleyule aliyenasa ataivuka mmoja baada ya mwingine. Kinachoharibika ni kule kutembea bila kufikiria, kunakoratibiwa na viini vya ndani ya ubongo vinavyotegemea dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Mstari, au mdundo wa metronomu (kifaa kinachogonga kwa vipindi sawa), huupa ubongo njia ya pembeni. Kwa hiyo mengi ninayofundisha ni hila: simama kabisa, pumua, egemeza uzito upande mmoja, ndipo upige hatua ndefu. Ukigeuka, zunguka kwa mapana kama lori linalokata kona.

Halafu naulizwa kuhusu "umeme wa kichwani". Upo wa aina mbili, na watu huzichanganya.

Wa kwanza ni wa upasuaji. Elektrodi nyembamba, yaani nyaya za kupitisha umeme, hupenyezwa ndani ya ubongo, zikaunganishwa na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Alim-Louis Benabid na wenzake walifungua njia hiyo Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Mtetemo na ukakamavu hutulia sana. Kutembea je? Hapo napima maneno. Kunasa kunakopungua levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ikifanya kazi huwa na matumaini. Kunasa kusikojali dawa, mara nyingi hakujali na umeme. Wakati mwingine kushusha mapigo ya umeme huo kutoka hezi 130 (mapigo 130 kwa sekunde) hadi 60 husaidia hatua, ingawa mtetemo unaweza kurudi.

Wa pili hautoboi fuvu: ni sumaku, au umeme hafifu wa miliampia 1 au 2 unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa kwa dakika kama 20. Matokeo ya tafiti yanapingana, nami siusifii kuwa tiba. Nikiutumia, mgonjwa anafanya mazoezi siku hiyohiyo, kwa kuwa lengo ni kuuandaa ubongo ujifunze hatua. Kukaa kitini, kuvuliwa waya na kwenda zake nyumbani, sioni kunamfaa nini.

Aliyetoka upasuaji ndiye ninayemchunga zaidi. Mwili umekuwa mwepesi, anataka kukimbilia kila kitu, kumbe uwezo wake wa kusimama imara haujabadilika. Huyo simruhusu kugeuka peke yake mpaka nimwone akizunguka kwa mapana bila kukumbushwa.