Kwa Nini Josh Gibson Ndiye Mdakaji wa Kikosi Changu cha Nyakati Zote

Kila ninapotaja kikosi changu bora cha besiboli cha nyakati zote, nafasi nyingi hupita bila ubishi mkubwa, kisha ubishi wote hurundikana kwa mdakaji, yule mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ili kupokea mipira ya mrushaji wa timu yake. Wengi humtaka Johnny Bench wa Cincinnati Reds. Mimi humtaja Josh Gibson, ambaye kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu za Marekani za wakati wake. Kazi yangu ni takwimu, na mara nyingi nimeambiwa kwamba uchaguzi huo ni wa huruma, si wa hesabu. Hesabu yenyewe ni hii.

Kosa la kwanza katika mabishano haya ni kulinganisha tarakimu za enzi mbili kana kwamba zilipimwa kwa ratili moja. Mwaka 1968 mrushaji Bob Gibson wa St. Louis (hana undugu na Josh) aliruhusu wastani wa mikimbio (alama) 1.12 kwa kila awamu tisa, yaani urefu wa mechi nzima, tarakimu inayomfanya kila mrushaji wa leo aonekane kibarua. Lakini mwaka huo warushaji wote walitamba: katika American League (moja ya ligi mbili za Ligi Kuu; ya Bob Gibson ni ile nyingine, National League) ni mpigaji mmoja tu, Carl Yastrzemski, aliyefikisha wastani wa upigaji wa 0.300, yaani mapigo safi matatu katika kila majaribio kumi, na wakuu wa mchezo waliona hali imezidi hata wakateremsha kituta anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 hadi inchi 10 kuanzia msimu wa 1969. Pedro Martínez wa Boston aliruhusu 1.74 mwaka 2000, msimu ambao wastani wa ligi yake ulikuwa kama 4.9, ilhali wa ligi ya Bob Gibson ulikuwa karibu 3. Ukigawanya, Pedro aliruhusu asilimia 35 hivi ya kawaida ya wenzake, na Gibson asilimia 37 hivi. Msimu unaoonekana wa pili unakuwa wa kwanza, ingawa kwa kiasi kidogo, na mtetezi wa Gibson bado ana hoja nzito mkononi, kwa kuwa mtu wake alirusha awamu zaidi ya 304 na Pedro 217 tu.

Kwa mizani hiyo hiyo ndipo ninapompima Josh Gibson. Desemba 2020 Ligi Kuu ilizitambua ligi saba za Watu Weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu kamili, na Mei 2024 takwimu zao zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Wastani wa upigaji wa Gibson, 0.372, ukaupita ule wa 0.367 wa Ty Cobb uliokuwa umekaa kileleni kwa miongo mingi. Wanaopinga husema, na hapa wana haki, kwamba majaribio yake ya kupiga yaliyohesabiwa ni kama 2,200 tu, chini ya robo ya yale ya Cobb, kwa sababu msimu rasmi wa ligi hizo ulikuwa mfupi na timu zilijaza mwaka kwa mechi za kuzunguka mji hadi mji ambazo hazimo katika hesabu. Bamba lake katika Jumba la Mashujaa pale Cooperstown linataja karibu homurani 800, yaani mapigo ya kuuvusha mpira nje ya ukuta; kumbukumbu rasmi zinampa pungufu ya 200.

Basi tuchukue uchache huo kwa uzito wake. Kwa majaribio 2,200, kosa la kawaida la wastani kama wake ni takriban 0.010, kwa hiyo tukitaka uhakika wa asilimia 95 tunasema kiwango chake halisi katika ligi zile kilikuwa kati ya 0.352 na 0.392. Chukua mpaka wa chini kabisa. Katika zile ligi mbili za Wazungu, mdakaji mwenye wastani bora wa maisha ni Mickey Cochrane, aliyepata 0.320. Bench alipata 0.267. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kusema kwamba Gibson alibahatika.

Hoja nzito zaidi ni ya ubora wa wapinzani. Ligi ndogo huwa na tofauti kubwa kati ya nyota na mchezaji wa kawaida, na nyota hung'aa kupita kiasi. Hilo nalikubali, na ndiyo maana simhesabii wastani wake wote. Lakini punguzo hilo mbona hudaiwa kwa upande mmoja tu? Babe Ruth, mpigaji Mzungu, alipiga homurani zake zote 714 katika ligi ambazo Satchel Paige, mrushaji nyota Mweusi, hakuruhusiwa kurusha. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na katika suala hili ngozi imevutwa upande mmoja kwa muda mrefu sana.

Panapobaki shaka ya kweli ni kwenye glovu, yaani udakaji. Bench alishinda Glovu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, mara kumi mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1977, na udakaji wake wa mkono mmoja uliigwa na kizazi kizima. Udakaji wa Gibson tunaujua zaidi kwa simulizi kuliko kwa takwimu. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, naye Mweusi, hajavunja ukuta wa rangi kwa kuchezea Brooklyn Dodgers.

Nafasi nyingine zinanichukua muda mfupi: Lou Gehrig kituo cha kwanza, Joe Morgan cha pili (Rogers Hornsby alipiga vizuri zaidi, lakini ulinzi nao ni kazi), Mike Schmidt cha tatu, Honus Wagner kati ya cha pili na cha tatu, na katika uwanja wa nje Ruth, Willie Mays na Ted Williams. Barry Bonds mwenye homurani 762 nimemwacha kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, na nakiri kwamba uamuzi huo si wa takwimu.

Gibson atapiga wa nne, nyuma ya Ruth. Bench, kama jina lake linavyodai, ataanzia benchi, na tukiwa mbele kwa mkimbio mmoja ataingia awamu ya tisa kudaka.