Lugha ya programu ya kweli ni ipi hasa?

Huu mjadala hauishi. Mtu akisema anajua HTML, ile ya kutengenezea kurasa za wavuti, atarukiwa hapo hapo eti hiyo sio lugha ya programu, mwingine akisema Python anaambiwa hiyo ya skripti tu, yaani ya vijiprogramu vidogo, ukiwasikiliza wote unabaki na C peke yake.

Kipimo kinachotajwa sana kinatoka kwa mwanahisabati Mwingereza Alan Turing. Mwaka 1936 alieleza mashine ya kufikirika tu, ina utepe usioisha, inasoma alama, inaandika nyingine, inasogea kushoto au kulia, basi. Lugha ikiweza kukokotoa kila kinachokokotolewa na mashine hiyo, imefuzu. Na haihitaji makubwa: itunze thamani, iamue kama ni hivi fanya vile, na iweze kurudia kitu bila kikomo kilichowekwa mapema.

Sasa chukua HTML. Ukiandika <b>Habari</b> umeiambia brauza neno hili likolezwe, hakuna ilichoamua hapo, na ukitaka neno litokee mara 10 utaliandika mara 10 kwa mkono wako. Kwenye Python unaandika for i in range(10): print("Habari") na umemaliza, tena hiyo 10 unaweza kuitoa ukaweka namba yoyote atakayoingiza mtumiaji. Tofauti yote iko hapo. HTML ni lugha ya kompyuta kabisa, kazi yake kupanga ukurasa, na kusema hivyo sio kumdharau anayeijua.

Mambo ya kasi, au kama lugha inapita kwenye kompaila (inayoitafsiri programu yote kwanza) au inasomwa moja kwa moja, hayahusiani kabisa. Hata fomula za Excel, tangu ilipokuja LAMBDA inayokuwezesha kutengeneza fomula inayojiita yenyewe, zimefuzu kipimo cha Turing, kwa hiyo yule anayehangaika na majedwali siku nzima anaandika programu na apewe heshima yake.

Ila kipimo chenyewe nacho sio msahafu. Kuna lugha inaitwa Agda, kwa kawaida inakataa programu mpaka iridhike kwamba itafika mwisho, yaani kule kurudia bila kikomo imekuzuia makusudi ili iwe na uhakika na unachoandika. Kwa Turing hapo imefeli, lakini maamuzi yapo, marudio yapo, programu zinaandikwa na zinafanya kazi, mimi naihesabu bila kusita.